Mti Unaotaka Jua: Jinsi Serikali Zilivyolinda Mimea Adimu ya Tshopo

Afromosia hutambulika kwa gome lake kabla hata hujainua macho kutafuta majani. Gome hilo ni la kijivu, jembamba, na hubanduka vipande vipande. Kila palipobanduka kipande hubaki doa la rangi ya chungwa inayokaribia wekundu, kwa hiyo shina zima huonekana lina mabaka. Majani yako mbali juu, maana mti uliokomaa hupita mita 40 na kuchungulia juu ya miti mingine yote. Matunda yake ni maganda bapa, makavu, yenye mbegu moja hadi tatu, bapa nazo kama sarafu. Upepo huyaangusha, lakini hauyapeleki mbali. Wataalamu wa mimea huuita Pericopsis elata. Wafanyabiashara wa mbao huuita afromosia, na kwao una thamani ya mvule na msaji, kwa kuwa mbao yake ya hudhurungi hailiwi na mchwa wala haiozi upesi.

Nimeuchagua mti huu ili nisimulie namna serikali zilizoitawala Tshopo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, ya kikoloni na ya kitaifa, zilivyojaribu kuhifadhi mimea ya asili ya mkoa huo. Ipo mimea mingine mingi iliyo adimu kuliko huu. Lakini hakuna mwingine ulioandikiwa sheria nyingi kiasi hicho, na hakuna unaoonyesha wazi zaidi pale sheria zilipokosea.

Habari inaanzia Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani ukiteremka Mto Kongo, ukingo wa kulia. Ni nchi ya Waturumbu, wakulima wa msituni. Majini wako Walokele, wavuvi na wafanyabiashara ambao mitumbwi yao imeunganisha masoko ya mto huo tangu zamani. Mturumbu alikuwa akifyeka kipande cha msitu, akichoma, akipanda mihogo, ndizi na mpunga, na baada ya misimu michache akikiacha kipumzike na kuhamia kingine. Msitu ulirudi wenyewe. Wageni wa Kizungu waliokuja kupima ardhi walitazama vipande hivyo vilivyopumzika na kuviita ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Katika sheria ya kikoloni, ardhi isiyo na mwenyewe ilikuwa ya dola.

Katika miaka ya 1920 mashamba ya serikali yalikuwa yameshafika Yangambi, hasa kwa ajili ya michikichi. Mwaka 1933 Mwanamfalme Leopold, mrithi wa kiti cha ufalme wa Ubelgiji, alirudi kutoka safari ndefu na kuihutubia Seneti mjini Brussels, akitaka kilimo cha koloni kijengwe juu ya sayansi. Tarehe 22 Desemba mwaka huohuo ikaundwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Kibelgiji, INEAC, na Yangambi ikawa makao yake makuu. Ndani ya miaka 20 ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya utafiti wa kilimo katika nchi za joto duniani. Kulikuwa na maabara, hospitali, nyumba za matofali, na maelfu ya vibarua Waafrika.

Faida za kazi hiyo zinajulikana, na tutazipita haraka. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walieleza jinsi unene wa kokwa la mchikichi unavyorithiwa, na mashamba ya michikichi ya leo, hadi Malaysia na Indonesia, yanafuata kanuni hiyo. Kahawa ya robusta, ambayo ni mmea wa asili wa misitu ya Kongo, ilichaguliwa na kuboreshwa hapo. Hata ndizi iitwayo Yangambi Km 5, inayolimwa leo katika nchi nyingi za Afrika, inabeba jina la mahali hapo.

Tukumbuke lakini kwamba INEAC haikuundwa kulinda mimea. Iliundwa ili koloni litoe mazao zaidi, wakati ambapo mkulima wa Kongo alilazimishwa kwa sheria kulima pamba na mazao mengine, na asiyelima aliadhibiwa. Ulinzi wa mimea ulizaliwa pembeni ya kazi hiyo, mikononi mwa watu wachache waliotambua kuwa huwezi kuutumia msitu usioujua. Mmoja wao alikuwa Jean Louis, mtaalamu wa mimea aliyezunguka misitu ya Yangambi katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 akikusanya maelfu ya vielelezo. Kielelezo kimoja ni tawi dogo lenye majani, ua au tunda, lililobanwa kati ya karatasi likakauka, likashonwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni likawekewa kibandiko chenye jina, mahali, tarehe, na maneno machache kuhusu mti wenyewe: urefu wake, rangi ya utomvu, jina wanalouita wenyeji. Jina la kienyeji halikuandikwa kwa pambo. Mzungu hakuujua msitu. Aliyeujua ni yule aliyemtangulia na panga mkononi. Kila jina la Kiturumbu kwenye vibandiko hivyo ni ushahidi wa mwalimu Mwafrika.

Vielelezo hivyo ndivyo vilivyojenga herbaria ya Yangambi, ambayo leo ina takriban karatasi 150,000 na huhesabiwa kuwa hazina kubwa kabisa ya mimea mikavu katika Afrika ya Kati. Nakala nyingi zilipelekwa Ubelgiji, na mwaka 1948 INEAC ilianza kuchapisha juzuu za kitabu kikubwa cha mimea ya Kongo na Ruanda-Urundi. Sambamba na hayo, kati ya 1937 na 1958, kulikuwa na kazi ya subira kubwa isiyotajwa mara nyingi. Watazamaji walirudi wiki baada ya wiki kwenye miti ileile, wakaandika katika madaftari lini kila mti umetoa maua, lini umezaa, lini umepukutisha majani. Walifuatilia spishi zaidi ya 500. Madaftari hayo yalibaki kabatini kwa miongo mingi, hadi kizazi chetu kilipoyaingiza kwenye kompyuta, na sasa yanasaidia kupima jinsi msitu wa Kongo unavyobadilika pamoja na hali ya hewa.

Ulinzi wa ardhi yenyewe ulikuja kwa amri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 sehemu za msitu wa Yangambi zilitengwa kuwa hifadhi ya mimea. Karibu na Kisangani, iliyoitwa Stanleyville wakati huo, zikafuata hifadhi mbili ndogo ambazo kila mwanafunzi wa elimu ya mimea wa Chuo Kikuu cha Kisangani anazijua. Masako ilitangazwa tarehe 12 Novemba 1953, hekta 2,105 katika kona ya Mto Tshopo, kilomita 14 kutoka mjini kwa njia ya zamani ya Buta. Yoko ilitangazwa tarehe 28 Februari 1959, hekta 6,975 ng'ambo ya pili, kwenye njia ya Ubundu, ikigawanywa vipande viwili na mto unaoipa jina. Amri hizo zilifanana: mstari ulichorwa kwenye ramani, na waliokuwa wakilima ndani ya mstari wakatakiwa kutoka.

Wakati huohuo, hapohapo Yangambi, wataalamu wa kilimo wa INEAC walikuwa wanajifunza jambo lililopingana na mstari huo. Katika miaka ya 1940 walibuni mpango wa mashamba ya Waturumbu uliofuata mwenendo wa kilimo cha kuhama: vipande virefu vya upana wa mita 100, kimoja shamba, cha jirani msitu, vikielekezwa mashariki na magharibi ili jua liingie shambani mchana kutwa, na kila kipande kikipumzishwa kwa zamu hadi msitu urudi. Mpango huo uliendeshwa kwa amri, na wakulima wengi hawakuupenda. Hata hivyo ulikuwa na ukweli mmoja ndani yake: waliousanifu walikubali kwamba msitu wa pale na jembe la Mturumbu vilikuwa vimeishi pamoja. Idara moja ikaandika ukweli huo katika taarifa zake, na nyingine ikaendelea kuchora mistari.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na wataalamu wengi wa Kibelgiji wakaondoka. INEAC ikavunjwa mwishoni mwa 1962. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville na kuushika hadi Novemba. Yangambi, ambayo njia yake kuu ni mto, ikajikuta kisiwani. Mwaka 1970 serikali iliunda taasisi mpya, INERA, ikarithi majumba, mashamba na makabati ya mimea mikavu, bila kurithi fedha zilizoviendesha.

Mwaka 1976 ulileta mambo mawili. Yangambi iliingizwa katika mtandao mpya wa UNESCO wa Binadamu na Hifadhi Hai, hekta zipatazo 235,000, miongoni mwa hifadhi za kwanza kabisa duniani kupewa cheo hicho. Na Zaire, kama nchi ilivyoitwa, ikaridhia CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Kwa karatasi, mimea ya Tshopo haikuwahi kulindwa vizuri kama mwaka ule. Msituni palikuwa na habari nyingine: hifadhi haikuwa na askari wa kutosha, mipaka ilijaa majani, na mshahara wa mtumishi wa serikali ulikuwa unapungua thamani kila mwaka hadi ukawa haununui chakula cha wiki.

Hapa ndipo afromosia inaporudi. Huko Ghana mbao yake ilianza kusafirishwa kwa wingi Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1940, ikitakiwa kwa sakafu, samani na sitaha za meli badala ya msaji. Ghana ikaumaliza mti wake mkubwa, Côte d'Ivoire vilevile, na wanunuzi wakageukia kusini ya Kameruni na Bonde la Kongo. Mwaka 1992, katika mkutano uliofanyika Kyoto, Japani, nchi wanachama wa CITES ziliiweka afromosia katika Kiambatisho cha Pili. Maana yake si kwamba biashara imepigwa marufuku. Kila shehena inayovuka mpaka sharti iwe na kibali, na kibali hakitolewi mpaka wataalamu wa nchi inayouza wathibitishe kwamba ukataji huo hauhatarishi uhai wa spishi. Kila mwaka nchi hupanga kiwango chake cha kuuza nje.

Kwa Zaire, iliyokuwa inaelekea vitani, sharti hilo lilikuwa zito. Nani angethibitisha? Machi 1997 Kisangani iliangukia mikononi mwa majeshi ya waasi wa AFDL. Agosti 1998 vita vya pili vilianza. Na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya mji, yakaua mamia ya raia. Wakazi wa mitaa ya Makiso, Mangobo na Tshopo wanazikumbuka siku hizo sita kwa hesabu ya waliozikwa uani. Katika miaka hiyo mto ulifungwa na barabara zilikufa. Mbao za mashariki zilitoka kwa njia za watu wenye silaha, na hakuna mtaalamu aliyeulizwa kitu.

Herbaria ya Yangambi ilinusurika. Umeme haukuwapo, paa zilivuja, na mimea mikavu ina maadui wawili wasiopumzika, unyevu na wadudu. Karatasi iliyopata ukungu leo, mwezi ujao ni vumbi. Kama makabati yale yangeachwa miaka miwili tu bila mtu wa kuyafungua, kukagua, kupangusa na kukausha, kazi ya miaka 60 ingekwisha. Haikwisha, kwa sababu watumishi wa INERA waliendelea kuja kazini hata pale mshahara ulipokatika kwa muda mrefu, wakilima mihogo yao alfajiri na kurudi kwenye vielelezo baadaye. Nikiulizwa ni tendo gani kubwa la serikali katika kuhifadhi mimea ya Tshopo, nitataja hili kabla ya amri yoyote, ingawa serikali yenyewe ilikuwa imewasahau waliolitenda.

Amani ilipokaribia, sheria zilirudi kwa wingi. Mwaka 2002 Kinshasa ilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya ukataji mkubwa, na tarehe 29 Agosti ikatoa Kanuni ya Misitu, inayoagiza misitu ya hifadhi ifike angalau asilimia 15 ya eneo la nchi. Tarehe 11 Februari 2014 ikaja sheria ya uhifadhi wa asili. Mwaka 2015 Mkoa wa Mashariki uligawanywa na Tshopo ikawa mkoa kamili, wenye wilaya saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Mwaka uliofuata ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, kati ya Tshopo na Maniema. Kama ilivyokuwa kwa Maiko mwaka 1970, ilitangazwa kwanza kwa ajili ya wanyama. Mimea hujificha chini ya kivuli cha okapi na nyani, kwa kuwa wafadhili hawajazoea kulia kwa ajili ya mti.

Kampuni kubwa zenye vibali zinaweza kufuatiliwa kwa karatasi zao. Wapasuaji mbao wadogo hawafuatiliki. Mtu mwenye msumeno wa mnyororo na vijana wanne wa kubeba huingia msituni, hupatana na mkuu wa ukoo, huangusha mti na kuupasua palepale ulipoangukia. Mbao husafiri kwa malori kwenda mashariki, Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni, hadi mpaka wa Uganda. Njiani kuna vizuizi vingi vya kulipa, na vichache sana vya kuuliza huu ni mti gani. Siwalaumu vijana wale. Katika kijiji kisicho na soko la mazao, mti mmoja ni ada ya shule ya watoto watatu. Lakini inayoangushwa ni miti mikubwa, yaani ileile inayozaa mbegu.

Hata hivyo msumeno si shida pekee, na pengine si kubwa kuliko zote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani na wenzao wa Ubelgiji walipohesabu afromosia katika misitu ya mkoa, walikuta jambo la kutisha lililojitokeza pia Kameruni. Miti mikubwa ipo, imejikusanya makundi makundi. Miti ya kati ni michache. Miche hutokea chini ya mama yake, hukaa muda mfupi, hufa. Hilo hutokea hata pale ambapo msumeno haujafika, ndani ya msitu mzito unaolindwa, ambamo kivuli hakiruhusu jua kugusa ardhi.

Afromosia ni mti unaotaka jua. Mche wake hauwezi kukua kivulini kama limbali, ule mti unaotawala misitu mizito ya Masako. Unahitaji pengo kubwa, kubwa kuliko lile linaloachwa na mti mmoja kuanguka. Basi makundi ya afromosia tunayoyaona leo, yenye umri wa karne moja hadi tatu, yalipata wapi jua? Kusini-mashariki ya Kameruni watafiti walichimba udongo chini ya makundi hayo wakakuta mkaa na vigae vya vyungu. Palikuwa na watu. Palikuwa na mashamba yaliyofyekwa, yakachomwa, yakaachwa, na katika ardhi hiyo iliyoachwa wazi mbegu bapa za afromosia zilizoanguka karibu ziliota na kupata jua la kutosha. Baadaye watu walihama, wengine kwa hiari, wengine kwa biashara ya utumwa, magonjwa na amri za wakoloni zilizowasogeza kando ya barabara. Msitu ukafunga nyuma yao.

Ukikubali hivyo, historia yote niliyoisimulia hubadilika sura. Dola ya kikoloni iliona ardhi iliyopumzishwa ikaiita tupu, ikawatoa watu ili kuulinda msitu, na kwa kuwatoa ikaondoa pengo ambalo mti wenye thamani kuliko yote ulikuwa ukilihitaji ili uzaliwe. Serikali zilizofuata zikarithi mstari uleule na imani ileile kwamba kuhifadhi ni kuzuia mkono wa mtu. Kwa limbali imani hiyo inafaa. Kwa mimea mingine mingi ya kivulini inafaa. Kwa afromosia ni hukumu ya kifo inayotekelezwa polepole, kwa kuwa sheria inasubiri mti uzae upya mahali ambapo hauwezi.

Sisemi kwamba jibu ni kufungua hifadhi. Leo kuzunguka Masako mashamba hayapumziki tena kama zamani. Watu wa Kisangani wameongezeka, kila jiko linataka makaa, na ardhi iliyokuwa ikiachwa miaka 15 sasa inaachwa mitatu. Afromosia haikui kwa miaka mitatu. Jembe lililouzaa mti huu lilikuwa jembe lenye nafasi.

Misitu iliyopandwa na INEAC inatoa fununu. Yangambi bado vipo vishamba vya afromosia vilivyopandwa na maafisa misitu wa enzi hizo katika ardhi iliyofunguliwa makusudi, na miti yake imesimama, mirefu, yenye afya. Kwa hiyo inawezekana. Tangu 2017, kwa mradi unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa na kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, CIFOR, pamoja na INERA na Chuo Kikuu cha Kisangani, vitalu vya miche vimerudi Yangambi. Pamoja na mikesia inayopandwa kwa ajili ya makaa, hupandwa miti ya asili, afromosia ikiwemo, katika mashamba yaliyochoka. Maabara ya mbao imejengwa, herbaria inasaidiwa kwa ushirikiano na Bustani ya Mimea ya Meise ya Ubelgiji, na mnara wa mita 55 umesimamishwa msituni kupima hewa inayoingia na kutoka.

Mche uliopandwa leo utafikia sentimita 60, kipenyo cha chini kinachoruhusiwa kukatwa, baada ya aliyeupanda kuwa amekufa, na pengine mwanawe pia. Nani atapanda mti wa namna hiyo katika ardhi anayoambiwa si yake? Swali hili ni la kisheria kabla ya kuwa la kitaalamu. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wao wa jadi, hadi hekta 50,000, na kuumiliki bila kikomo cha muda, kwa mpango wa matumizi wanaouandika wenyewe na kuidhinishwa na serikali. Baadhi ya jamii za Tshopo zimeshapata hati hizo. Mpango kama huo unaweza kutenga kipande cha kulima, kipande cha kupumzisha kwa miongo, na miti ya mbegu isiyoguswa pembezoni mwa kipande kilichofunguliwa. Katika Hifadhi Hai ya Yangambi, hasa ukanda wa pembeni ambako sheria ya UNESCO yenyewe inategemea watu wawepo, INERA ingeweza kufanya jaribio hilohilo pamoja na wakulima wa Kiturumbu, ikitumia taarifa za mashamba ya mita 100 zilizokaa kabatini mwake tangu miaka ya 1940.